RAMADHANI 14: ALIYETEGA AMETUBU, BOMU BADO LIPO



Ndugu zangu, juzi kwenye darsa tuliwataja wavuvi wa Yemen, upande wa Bahari ya Shamu. Tangu vita vya 2015, mabomu yametegwa kwenye maji ya pwani ile, maeneo ya Hudaydah na Mocha. Mengine hufungwa kwa mnyororo chini ya maji. Mnyororo ukikatika, bomu linaelea ovyo, linakwenda linakopelekwa na mkondo. Mvuvi katoka usiku kutafuta riziki ya wanawe, mashua inaligonga. Wavuvi wameuawa hivyo, watu ambao hawakushika hata bunduki.

Baada ya tarawehe mzee wetu mmoja, mvuvi wa zamani, akanishika mkono pale penye viatu. Akasema: "Sheikh, tuseme yule aliyelitega ameacha vita. Amelia, ametubu, leo anafunga kama sisi. Kesho mvuvi analipukiwa. Hiyo damu iko kwa nani?"

Nikamwambia, "Babu, nipe usiku mmoja." Swali lilinikosesha usingizi kwa kweli.

Majibu yangu ndiyo haya. Mafaqihi wetu wa Kishafii wamezungumzia mtu aliyechimba kisima njiani bila haki, kisha mpita njia akatumbukia akafa. Dhamana ipo, hata kama mchimbaji siku hiyo yuko mbali, hata kama ameshakufa. Hakumsukuma mtu, lakini kisima ni chake. Na katika Sura Yasin, aya ya 12, tunafundishwa kwamba yanaandikwa matendo yetu pamoja na athari tulizoziacha nyuma. Athari haifi kwa sababu mwenyewe amesahau.

Hata mataifa yalilijua hili. Mkataba wa Hague wa 1907 ulikataza kutega baharini mabomu ya kufungwa ambayo yakikatika yanabaki na madhara. Ukasema pia kwamba vita vikiisha, kila dola ijitahidi kuyaondoa mabomu iliyoyatega yenyewe. Zaidi ya miaka 100 imepita, na wavuvi bado wanakufa.

Sasa, je, toba yake haifai kitu? Hasha. Allah ni Mwingi wa kusamehe, na mimi si wa kumfungia mtu mlango wa Mola wake. Lakini tunajua masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa kuna haki ya mja, kuirudisha. Sharti hili la nne ndilo tunaloliruka. Aliyetega bomu huenda hawezi kuzamia akalitoa. Ila anaweza kusema, "Nilitega pale na pale." Anaweza kutoa ramani. Akinyamaza kwa kuogopa aibu, huku anajua watu wanapita, hapo kujuta kwake kuna walakini.

Tusiwatazame watu wa mbali tu. Wewe ulisambaza maneno juu ya binti wa watu kwenye simu. Umeshafuta kwako, umesoma istighfari. Lakini ujumbe bado unazunguka, na posa yake imevunjika. Umewaambia uliowatumia kwamba ulisema uongo? Mwingine alishuhudia hati ya kiwanja ya kughushi, leo mayatima wanafukuzwa nyumbani. Unakijua kisima ulipokichimba. Nenda ukaseme.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Basi ikiwa cha mwenzio ni imani kukiondoa, chako je?

Na yule mvuvi tusimsahau. Jina lake hatulijui, na bahari hairudishi kila mwili. Mkewe hana kaburi la kuzuru. Lakini tumefundishwa kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi, na Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi akiwa mbali. Leo baada ya Isha, kabla ya tarawehe, tutawaswalia swala ya ghaibu waliofia kwenye maji yale. Ni dakika chache tu, msiwahi kutoka.

Ewe Mola, warehemu wavuvi waliotoka na hawakurudi, wape subira wake zao na watoto wao, na utupe ujasiri wa kuyatoa wenyewe tuliyoyatega. Aamin.

Wabillahi tawfiq.