Kikombe cha Babu na Tini za Hezekia

Mwaka 2011 mtaani kwetu Kirumba hukukosa nyumba iliyochangishana nauli ya Loliondo. Mama mdogo, mgonjwa wa kisukari, alipanda Noah na majirani mpaka kijiji cha Samunge huko Loliondo, akanywa kikombe cha Babu, dawa ya mzizi uliochemshwa, kwa shilingi 500, akarudi amejaa vumbi. Aliponiona akauliza, "Mwanangu, wewe si unafundisha kemia? Ule mzizi ungechimbwa huku Mwanza nikauchemsha mwenyewe, usingefanya kazi?"

Babu mwenyewe, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa kanisa la Kilutheri, KKKT, alikuwa na jibu: usingefanya. Dawa ni mpaka itoke mkononi mwake, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemtuma.

Mti wake, mugariga, ni wa jamii moja na msunguti, ule wa sumu ya mishale. Msunguti una glikosidi iitwayo uabaini, ambayo ikiingia kwenye damu husimamisha moyo. Uabaini haimuulizi mwindaji kama amesali. Akirusha mpagani, swala anaanguka. Akirusha katekista, anaanguka vilevile. Sasa, kama nguvu ya kikombe imo mzizini, hata mkono wa mama mdogo unatosha. Kama imo mkononi mwa Babu, mzizi wa nini? Si angewapa maji matupu?

Wapo wanaoona swali hili ni kufuru. Wasome Wafalme wa Pili, sura ya 20. Hezekia anaumwa jipu, Mungu ameshaahidi kumponya na kumwongezea miaka 15, na bado Isaya anaagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Ahadi imeshatoka, tini za nini tena? Mimi naona Mungu haoni haya kupitisha kazi yake ndani ya vitu alivyoviumba. Sisi Wakatoliki tunaye pia Yoshua bin Sira, ambaye katika sura ya 38 anahesabu dawa za ardhini kuwa kazi ya Muumba. (Walutheri hawana kitabu hicho katika Biblia yao, lakini tini wanazo.)

Mwanasayansi Tu Youyou wa China naye alipata artemisinini, dawa ya malaria, kutoka mmea wa jamii ya pakanga. Kitabu cha kale ndicho kilichomfumbua macho: kuchemsha kulikuwa kunaiharibu dawa. Alipewa Nobel mwaka 2015, wala hakumtaka mgonjwa amfuate Beijing. Dawa ya mseto itokanayo na artemisinini inamshushia homa ya malaria mtoto wa Ukara ambaye mama yake hajawahi kumsikia Tu. Kwangu, baraka isiyobagua mkono ndiyo kubwa zaidi.

Mkono wa Babu siudharau. Uliwapa watu matumaini. Lakini matumaini si insulini. Mama mdogo nilimsihi asiache sindano zake, akakubali kwa kununa. Wengine waliacha ARV. Basi wewe unayekwenda kwa mganga, nenda, ila mwambie daktari ulichokunywa, na dozi yako usiiache.