Ulichokitundika Ukinyweshe

Mche wa nyanya ulio shambani una pa kukimbilia. Jua likizidi, mizizi yake hushuka kufuata unyevu, hata zaidi ya nusu mita udongo ukiruhusu. Shina likilala, hutoa mizizi mipya pale lilipogusa ardhi, maisha yakaendelea. Mkulima wa Ilula, kule Iringa, anaweza kwenda msibani siku mbili akarudi na kukuta nyanya zake zimesimama.

Mche wangu unaoning'inia kichwa chini kwenye roshani ya ghorofa, hapa Sinza, Dar es Salaam, hauna pa kukimbilia.

Kuutengeneza hakuhitaji fundi. Nilichukua ndoo ya lita 10 iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, nikaitoboa kitako tundu la sentimita 5 hivi. Mche ukapitishwa humo, mizizi ndani, majani nje, na shingoni nikauzungushia kipande cha sponji la godoro ili udongo usimwagike. Kisha nikajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na maganda ya mpunga, maana udongo mtupu hushikamana. Ndoo kama hiyo ikilowa inakaribia kilo 15, hivyo haifai kutundikwa kwenye msumari wa kamba ya nguo. Inataka ndoano ya nondo iliyoshikwa na zege. Na nyanya ndogo, za ukubwa wa zabibu, huvumilia kuning'inia kuliko aina za Tanya au Cal J, ambazo matunda yake huvuta shina hadi likavunjika.

Faida zipo: husimiki miti, hufungi kamba, na sota, viwavi wakataji wa miche, hawalifikii shina. Kantangaze, mdudu aliyetuingilia nchini mwaka 2014, yeye huruka, ghorofa si kitu kwake. Lakini kwamba nyanya ikigeuzwa huzaa zaidi, hilo silikubali. Tunaotundika tunatundika kwa sababu hatuna ardhi.

Baada ya muda mfupi shina hujikunja likaelekea juu. Ndani ya seli zake mna chembe za wanga zinazozama upande wa chini, na kwa hizo mmea hutambua juu ni wapi. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1806, Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu kwenye gurudumu lililozungushwa na maji. Mizizi ikaelekea nje, kana kwamba huko ndiko chini, machipukizi yakaelekea katikati, kana kwamba ndiko juu. Wageni wangu wakiliona shina lililojikunja husifu ustahimilivu wa mmea. Mimi sifa hiyo hainitulizi. Mmea unaosifiwa kwa ustahimilivu bado una kiu, na joto la kaskazi likiwaka hautaki maji mara moja tu kwa siku.

Maji yenyewe yana utaratibu wake. Kuna ugonjwa wa kuoza kitako: tunda linaanza vizuri, kisha chini linaingia weusi na kubonyea. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu au huongeza mbolea. Mara nyingi kilichokosekana ni utulivu wa maji. Kalsiamu husafiri ndani ya maji, na maji yakija leo kwa fujo, kesho na keshokutwa yasije, haifiki kwenye tunda hata kama udongoni imejaa. Ndoo nzima Jumapili hailipi deni la siku nne za ukame.

Nayaandika haya kwa sababu barabara ileile inayoleta nyanya za Ilula, kupitia Mikumi na Morogoro, huleta pia mabinti wa kazi za nyumbani. Wanashuka stendi ya Magufuli na mfuko mmoja, wanapokelewa na mtu ambaye sauti yake waliisikia kwenye simu tu. Kwao, binti akigombezwa alikuwa na bibi, mama mdogo, na jirani wa kukimbilia. Mcheza kwao hutunzwa. Hapa mjini chakula chake, usingizi wake, hata ruhusa ya kuugua, vyote vimo mikononi mwetu.

Zipo nyumba zenye huruma ambazo humnunulia binti kitenge sikukuu ikifika, humpeleka hospitali akiugua, lakini mshahara wake "tunamtunzia". Mwezi unapita, mwingine unapita. Huruma ya namna hiyo ninaiona mbaya kuliko wanavyodhani wenye nayo, kwa kuwa inamfanya ashukuru kwa kitu kilichokuwa haki yake.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayeosha vyombo vyetu ni mfanyakazi.

Kwa hiyo nataka mshahara umfikie mwenyewe, kwa tarehe isiyobadilika. Awe na simu, na ndani yake namba ya mtu mzima wa hapa mjini asiye wa nyumba anayofanyia kazi. Likizo aende kwao, nauli itoke kwa mwajiri. Wapangaji wa jengo letu tuna kikao Jumamosi hii kuhusu taka na bili ya maji, nami nimeomba jambo hili liwe la kwanza kwenye ajenda.