Sahani ya Jirani

Nilihama Dar es Salaam kuja Tanga nikitafuta utulivu. Kule Mbagala niliishi miaka 11 bila kulijua jina la jirani tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja. Natoka alfajiri, narudi usiku, foleni imenimaliza. Hapa Ngamiani, siku ya tatu tu, mzee wa nyumba ya pili alimtuma mjukuu wake na sahani ya mihogo ya nazi, kisha akaniuliza mbona sionekani msikitini. Niliudhika. Mji mdogo hauna pa kujificha. Kipato kimepungua nusu, na kliniki yangu ya moyo imebaki Dar, kilomita 350 hivi. Lakini haki ya jirani, aliyoisisitiza sana Mtume, kule Mbagala ningeitimizaje kwa mtu nisiyemjua hata jina? Jana nilimrudishia mzee sahani yake, imejaa visheti.