Aliyebaki Mtini

Wajukuu zangu wa Siakago, nawasikia mkisifiana kwa ujanja: fulani ni Sungura, hashikiki. Sifa hiyo siipingi. Hadithi za jioni zilimpa ushindi yule mnyama asiye na pembe wala makucha ya kurarua, na zilikuwa na haki. Mnyonge akikosa nguvu, atumie nini kama si akili? Ila naona hadithi zenyewe mmezishika nusu.

Wagiriki wa kale walikuwa na mjanja wao, wakamfanya mungu. Jina lake Hermes, mwana wa Zeus. Husimuliwa kwamba alizaliwa alfajiri, adhuhuri akatengeneza kinubi kwa gamba la kobe, na usiku huohuo akaiba ng'ombe hamsini wa kaka yake Apollo. Akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zimpoteze mfuatiliaji, kisha akarudi kujilaza kitandani kama mtoto mchanga asiyejua kitu. Alipokamatwa, alikana mbele ya baba yake. Zeus alicheka, lakini baada ya kucheka alimwamuru aonyeshe alikowaficha. Hermes akawatoa, akampa Apollo kinubi, wakapatana. Ndipo akawa mjumbe wa miungu na mlinzi wa wasafiri na wachuuzi. Wezi nao walimwomba. Wagiriki walijua kwamba akili ya kuuzia na akili ya kuibia ni moja, na kwamba mwenye nayo lazima adaiwe.

Sasa rudini kwa Sungura. Katika ngano za Zanzibar alizozichapisha mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, Sungura anamwalika Buku, yule panya mkubwa, wakale asali. Anamwambia ni urithi wa baba yake. Kumbe mzinga ni wa Simba. Simba anapofika chini ya mti, Sungura anaomba aviringishwe kwenye majani makavu, na ni Buku huyohuyo anayemtupa chini. Sungura akapona. Buku akabaki mtini, akashuka, akaliwa.

Watoto humcheka Simba hapo. Mimi namfikiria Buku, aliyeitwa kula asali na rafiki.

Kina Buku tunao hapa kwetu. Mama anatoka na ndengu zake kichwani tangu alfajiri, anamkuta dalali kijana mwenye gorogoro, kopo la kupimia, iliyobonyezwa nje kwenye kitako. Ukiiangalia kwa mbali ni gorogoro kama nyingine. Ikipimwa, kila mara inameza konzi moja ya ziada, na mama anarudi nyumbani akidhani shamba lake ndilo lililompunja. Mwingine anampigia bibi kizee simu, anajifanya mtu wa benki, anamhadaa hadi ataje namba ya siri. Huyo hakumshinda Simba yeyote. Amemla bibi aliyemlea mtu mwingine kama yeye.

Nyinyi mnaonunua muguka, maembe na ndengu, akili mnayo na tunaihitaji. Itumieni kwa mnunuzi mkubwa wa Nairobi anayekuja na lori na bei yake mfukoni. Huyo ndiye Simba. Mzungukeni, mfanyeni apandishe bei. Na kwa mwenye gorogoro iliyobonyezwa: nunua nyingine kabla ndengu hazijavunwa, na yule mama ukimkuta sokoni, mlipe kilichopungua.