Kuhama Ukiwa Bado Ndani

Mjomba aliniuliza swali moja tu: "Na ukiharibu, je?"

Ilikuwa mwaka 2009. Kompyuta yake ya Windows XP ilikuwa imejaa virusi, na mimi, kijana niliyejiona fundi, nilitaka kumwekea Ubuntu. Ndani ya mashine ile mlikuwa na hesabu za duka lake na picha za marehemu bibi, mama yake. Jibu sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni programu inayoitwa Wubi.

Wubi ilikuja na Ubuntu 8.04, Aprili 2008. Unaifungua ukiwa ndani ya Windows, kama programu nyingine yoyote. Haikati diski vipande. Inatengeneza faili moja kubwa, mfumo mpya unakaa humo, kisha inaongeza mstari mmoja kwenye menyu ya kuwashia. Ukichoka nayo, unaifuta na Windows inabaki ilivyokuwa. Yaani mgeni anapewa chumba, ukuta hauvunjwi.

Rafiki yangu alinicheka. Eti huo ni woga, ukihama, hama. Mshika mbili moja humponyoka. Maneno yake yaliniuma, manake swali lake ni la kweli: kuacha mlango wa kurudi ni busara, au ni kukosa msimamo?

Mwanafalsafa wa Austria, Otto Neurath, alifananisha maarifa yetu na mabaharia wanaolazimika kuunda chombo chao upya wakiwa katikati ya bahari. Hakuna gati la kwenda kukipandisha. Ubao ukitolewa, mwingine uwekwe papo hapo, na zile mbao nyingine ndizo zinazowabeba. Nadhani wengi wetu tunabadilika hivyo hivyo. Anayeacha kazi, dini au ndoa huanza kuondoka kwa kutumia akili ileile aliyolelewa nayo humo ndani.

Lakini methali ya rafiki yangu inamhusu anayeshika vya kwake. Mimi nilishika vya mjomba. Picha za bibi zikipotea, si mimi ningekosa usingizi. Ujasiri kwa mali ya mwenzio ni rahisi mno, na sioni kama unastahili kuitwa ujasiri.

Hata hivyo, mlango wa kurudi nao unadanganya. Lile faili kubwa la Wubi lilikaa juu ya diski ya Windows. Umeme ukikatika ghafla, na kwetu unakatika kweli, faili lingeweza kuharibika. Diski ikifa, mgeni na mwenyeji wanazikwa pamoja. Kwa hiyo usalama haukuwa ndani ya Wubi. Ulikuwa kwenye kazi ya kuchosha inayotangulia: kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha kuhakikisha nakala zinafunguka.

Nilinakili. Nikasema tayari. Mjomba akasema, "Hebu nifungulie picha ya mama kutoka huko kwenye nakala." Ikafunguka. Akaitazama kimya, halafu akasema, "Haya, endelea."

Miezi michache baadaye alinipigia simu: nimrudishie Windows yake, programu ya hesabu haikubali huku. Niliudhika, jamani. Nilihisi kama amenitukana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ule mlango sikuuacha kwa ajili yangu. Ulikuwa wake, na alikuwa na haki ya kuutumia bila kuniomba radhi.

Ubuntu 13.04 ilipotoka mwaka 2013, Wubi haikuwemo tena. Siku hizi wengi wanatumia flashi. Lakini jina lenyewe, Ubuntu, katika lugha za Kinguni maana yake ni utu, na kila ninapoombwa kubadilisha mfumo wa mtu naanza na swali la mjomba, kabla hata sijagusa mashine.