Pambo Rahisi la Noeli: Rahisi kwa Nani?

Neno "rahisi" katika Kiswahili lina kazi mbili, nasi tulifundishalo hatuna budi kuzitenganisha mbele ya wanafunzi. Kitu rahisi ni kitu kisicho na bei kubwa. Kazi rahisi ni kazi isiyo na taabu. Mwanafunzi wa Bujumbura, ambaye nyumbani anasema Kirundi na shuleni anasoma Kifaransa, hutatizika hapo mwanzoni, kwa kuwa lugha hizo mbili humpa maneno mbalimbali kwa maana hizo. Kiswahili kimeziweka katika chungu kimoja, na wasemaji wake, sisi tukiwamo, aghalabu hudhani kuwa kilicho chepesi kwa mfuko ni chepesi pia kwa mkono. Twataka kuitumia tofauti hiyo kupima jambo linaloonekana dogo na ambalo hurudi kila Desemba: pambo la Noeli katika nyumba ya watu wanaoanza maisha. (Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi watasema Krismasi. Huku Burundi, kama mashariki ya Kongo, athari ya Kifaransa imetupa Noeli, wala hatuoni haja ya kugombana juu ya hilo.)

Na tutazame Ruziba, kusini mwa Bujumbura, ambako barabara iendayo Rumonge hupita kati ya Ziwa Tanganyika na vilima. Tuwafikirie mume na mke waliooana wakati wa kiangazi, mwezi wa Agosti, kama wafanyavyo wengi nchini. Wamepanga vyumba viwili. Desemba imewakuta na godoro, meza, viti viwili vya plastiki, sufuria walizotunzwa siku ya harusi, na deni ambalo harusi hiyo hiyo iliwaachia. Mvua zinanyesha. Madukani mjini wameona miti ya plastiki yenye taa za rangi, wakauliza bei, wakarudi. Hata hivyo wanataka kitu ukutani, kwa sababu hii ni Noeli yao ya kwanza chini ya dari inayoitwa yao. Jirani mwenye busara ya mtaa anawaambia: Pambo la nini? Nunueni mchele.

Swali la jirani si la kupuuzwa. Ni swali la kale la wanafalsafa, lililovaa kanga: je, ni halali kwa mtu ambaye mahitaji yake hayajatimia kuishughulikia ziada? Wako wasemao kuwa uzuri hungoja. Kwanza shibe, kisha sitara, mwisho mapambo. Mpangilio huo una mantiki, lakini binadamu hakuufuata popote. Wafinyanzi wa nchi hizi za Maziwa Makuu, kwa karne nyingi, wamekuwa wakibingirisha kikamba kilichosokotwa juu ya udongo mbichi ili kuacha nakshi shingoni mwa chungu. Nakshi hiyo haikikingi chungu na moto, wala haiongezi hata kikombe kimoja cha maji. Mfinyanzi hakungoja atajirike ndipo aiweke, na mnunuzi hakuambiwa ale kwanza ashibe ndipo atazame. Msusi wa mkeka naye hutia chane zake rangi, ilhali mkeka usio na rangi hulaliwa vilevile. Kwa hiyo hatukubali kwamba ziada ni mali ya wenye nacho peke yao. Anayemwambia maskini kuwa uzuri si zamu yake bado, humwambia neno kubwa kuliko anavyodhani, kwani zamu yenyewe huenda isifike.

Hata hivyo kuna lugha ya pili ambayo jirani angeweza kuitumia, na hiyo ina nguvu zaidi. Wakatoliki wanaosema Kiswahili huliita "pango" lile banda dogo la Noeli lenye Mtoto, wazazi wake na wanyama. Injili ya Luka inataja hori tu, na kukosekana kwa nafasi katika nyumba ya wageni. Pango lenyewe limetoka katika mapokeo ya Wakristo wa kale. Desturi ya kuliigiza huhusishwa na Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, alitayarisha hori lenye nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda wa kweli. Pambo lile lilikuwa vitu vya zizini. Lakini "pango" ni pia kodi ya nyumba, na mwenye nyumba wa Ruziba, awe muumini kiasi gani, mwisho wa mwezi hufikiria pango hilo la pili. Wale wawili wakitoa fedha za pango hili kulijengea pango lile, watakuwa wamepamba kwa mali ya mtu mwingine. Wahenga walikwisha kusema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo, na taa za kukopa hazina tofauti: huwaka kwa siku kumi na mbili, na deni lake hulipwa hadi Pasaka.

Basi na watengeneze wenyewe. Hapa ndipo washauri wengi, pamoja na waandishi wa kurasa kama hizi, hutabasamu na kuweka kalamu chini, wakidhani kuwa shauri limekwisha. Sisi twaona kuwa ndipo linapoanza.

Malighafi haina tatizo. Mchikichi, mti utoao mawese, umeenea katika ukanda huu wa ziwa hadi Rumonge na kupita. Kuti lake moja lina majani marefu, na kila jani lina uti mwembamba katikati, uitwao njukuti. Chukua njukuti tano zenye urefu sawa, uzifunge ncha kwa ncha kwa uzi, upishanishe kila moja juu na chini ya mwenzake, nawe umepata nyota ya pembe tano. Majani yaliyobaki yachanwe yawe chane, yasukwe ukili, na ukili huo uzungushwe kuwa taji la mlangoni. Gome kavu la mgomba lina rangi za asali na kahawia ambazo hazihitaji kupakwa chochote. Likiloweshwa kidogo halivunjiki, nalo hukatwa maumbo ya mchungaji, ya kondoo, ya Mariamu aliyepiga magoti. Kwa fundi cherehani kuna vipande vya kitenge vilivyoanguka chini ya mashine, ambavyo vikikatwa pembetatu na kushonewa kwenye kamba huwa bendera za kuvuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Twavitaja kwa majina kwa makusudi. Njukuti, chane na ukili ni maneno ambayo wanafunzi wetu huyakuta kamusini tu, na neno huishi vizuri zaidi likiwa mkononi.

Liko pia pambo moja linalotuchekesha kidogo: theluji. Katika nyumba nyingi utaona tawi la msonobari lililobandikwa vipande vya pamba. Mti huo ni desturi ya Wajerumani. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka, na picha za namna hiyo zikautembeza duniani pamoja na baridi yake. Bujumbura haina theluji. Anayeitaka ya kweli katika Afrika ya Mashariki hana budi kupanda Kilimanjaro, Mlima Kenya au Ruwenzori. Je, pamba hiyo ni uongo? Kwa muda tulielekea kusema ndiyo, tukidai nyumba ya Ruziba ipambwe kwa mambo ya Ruziba. Lakini pamba hulimwa katika uwanda huu huu wa Imbo, tangu enzi za utawala wa Wabelgiji, na mtoto anayeibandika kwenye tawi hamdanganyi mtu yeyote. Anacheza kama mwigizaji achezavyo, na kila atazamaye anajua. Uongo wa pambo hauko katika kuiga theluji, bali katika kuiga uwezo.

Turudi basi kwenye mkono. Nyota ya njukuti haina bei, lakini kuti lina mwenyewe. Wakulima wa michikichi wanajua kuwa mti ukinyang'anywa majani mabichi kupita kiasi hupunguza mazao yake, kwa hiyo kukata kuti usiku katika shamba la mtu ili kupamba sikukuu ya amani ni kichekesho kisichochekesha. Ukweli ni kwamba mvunaji wa chikichi mara nyingi hulazimika kulikata kuti lililo chini ya shada ili alifikie shada lenyewe. Kuti hilo huanguka bure. Anayejua hilo huenda shambani siku ya mavuno, huomba, na hupewa.

Kisha kuna saa. Kusuka taji moja, kwa asiyezoea, humaliza alasiri nzima. Alasiri hiyo ni ya nani? Mume anatoka kazini jioni. Mke, iwe anauza mboga au anafundisha shule, anarudi kwenye maji, moto na nguo. Tukisema "pambo rahisi la kutengeneza nyumbani", na nyumba yenyewe ikawa na mikono minne ambayo miwili imekaa, basi urahisi huo umelipwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye hesabu. Tumewasikia wanaume wakilisifu pambo la wake zao mbele ya wageni kwa maneno haya: halikutugharimu chochote. Kiambishi kile cha "tu" kina mengi ya kujibu. Walimu wa sarufi wanaweza kukitumia kama mfano wa wingi usiofanya kazi sawa.

Ndiyo maana hatuko tayari kumhukumu yule anayeamua kununua. Aliyeuza fagio au samaki mwezi mzima, akachoka, akaona afadhali kununua ua moja la karatasi kutoka kwa mchuuzi badala ya kukesha akikunja, hakumkosea mtu. Na mchuuzi yule huenda naye ana vyumba viwili na Noeli ya kwanza. Mahubiri ya kazi ya mikono yana ladha tamu kinywani mwa mtu ambaye mikono yake imepumzika. Tunachokiomba kwa wale wawili wa Ruziba ni kwamba, kabla ya kukata jani la kwanza, waulizane ni nani atakayelilipa, kwa fedha au kwa usingizi, na jibu lisiwe kila mara la mtu mmoja. Wakiketi pamoja mkekani jioni mbili tatu, mmoja akishika ncha na mwingine akifunga uzi, jirani wa mchele akipita atawakuta na huenda akaingia. Huenda akawa Mwislamu mwenye jamaa Buyenzi, akumbukaye kuwa siku ya Idi sahani hutoka kwake kuja kwao. Basi atataka kuonyeshwa jinsi ncha zinavyopishana.

Kuti lililokatwa siku mbili kabla ya sikukuu huwa bado la kijani Noeli inapofika. Kufikia Epifania, tarehe 6 Januari, limepauka na kujikunja, na pango la mwezi limekwisha kudaiwa. Majani makavu hutupwa. Njukuti zilizosalia hukusanywa, hufungwa kwa kamba ya mgomba, na huwa ufagio mzuri wa uani; na hapo wale wawili watalazimika kuulizana tena utashikwa na nani.