Kulilia Kikombe cha Chai

Tunaandika maneno haya tukiwa tumebakiza majuma matatu kuondoka nyumbani. Mmoja wetu ni muuguzi, naye amepata kazi katika hospitali huko Ujerumani baada ya kusoma Kijerumani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwingine anamfuata pamoja na watoto wetu wawili. Jambo hili tumeliombea kwa muda mrefu, tumeombewa na usharika, na mlango umefunguka. Hatuna sababu ya kunung'unika.

Hata hivyo, Jumamosi moja asubuhi, tukiwa jikoni kwa Mama hapa Machame, mmoja wetu alishika kikombe cha chai ya maziwa, akatulia kidogo, kisha akaanza kulia. Hakuwa amepata habari mbaya. Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga, ndizi zilikuwa zinachomwa pembeni, na nje mvua nyepesi ilikuwa inagonga majani ya migomba. Asubuhi ya namna hiyo tumeiona mara nyingi mno kuhesabika. Siku hiyo tu ndipo ilipotujia kwamba itakwisha.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amepita kutusalimu. Akayaona machozi yale, akacheka kwa upole, akasema, "Wanangu, Ibrahimu aliitwa akaondoka. Sikumbuki kusoma mahali kwamba aliulizia chai."

Tulicheka pamoja naye. Lakini usiku ule neno lake lilitukatalia usingizi. Je, ni upungufu wa imani kulilia vitu vidogo wakati Mungu ametufungulia jambo kubwa? Au ni haki ya mwanadamu kupenda starehe ndogo za nyumbani na kuumia anapoziacha? Tumelitafakari swali hilo tangu siku ile, na tumeona vema kuwashirikisha wapendwa wenzetu mahali lilipotufikisha, maana siku hizi katika kila jumuiya kuna nyumba yenye mtoto aliyesafiri au anayetaka kusafiri.

Kwanza tulihesabu tunavyovililia. Ni vitu vya aibu kidogo kuvitaja. Kigoda cha jikoni kilichochongwa na Babu, chenye mguu mmoja mfupi. Mtori wa Jumapili baada ya ibada. Harufu ya kahawa iliyoanikwa uani. Kengele ya kanisa inayosikika hadi mgombani, na jirani anayepita akibisha hodi bila kuwa na shida yoyote, ila kusalimu tu. Asubuhi zile chache mawingu yanapofunguka na Kibo kuonekana chote, nyeupe, na kila mtu njiani akasimama kutazama kana kwamba hajawahi kuuona. Kila abiria ameruhusiwa begi la kilo 23, na katika hivyo vyote hakuna hata kimoja kinachoingia begini.

Tukageukia Maandiko. Pale mwanzo tuliona kama yanatuhukumu. Katika kitabu cha Hesabu, wana wa Israeli walilia jangwani wakikumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu, na vitunguu saumu. Mungu alikasirika. Tukajiuliza, sisi na chai yetu tuna tofauti gani na watu wale?

Lakini tuliposoma tena polepole, tuliona kwamba kosa lao halikuwa kupenda tango. Walisema kwamba samaki wale waliwala bure. Bure! Watu waliofyatua matofali chini ya viboko, watu ambao watoto wao wa kiume walitupwa mtoni, wanasema walikula bure. Kumbukumbu yao ilikuwa imebaki na ladha na kufuta bei. Waliikumbuka Misri isiyokuwapo, kisha wakaitumia hiyo Misri ya uongo kumtukana Mungu aliyewatoa utumwani.

Kwa hiyo tulipata onyo, lakini hatukupata katazo. Maana Maandiko hayohayo yanasema kwamba kila alichokiumba Mungu ni kizuri, kikipokelewa kwa shukrani. Mhubiri, ambaye aliona ubatili karibu kila mahali, alikubali kwamba mtu kula na kunywa na kufurahia kazi yake ni karama ya Mungu. Na Bwana wetu mwenyewe, baada ya kushinda mauti, alifanya nini pale ufukweni mwa bahari ya Tiberia? Aliwasha moto wa makaa, akaweka samaki na mkate, akawaita wanafunzi waliokesha kazini waje kufungua kinywa. Aliyekuwa na mamlaka yote mbinguni na duniani hakuona haya kuandaa kifungua kinywa. Hatuthubutu kusema kwamba mambo hayo ni madogo mno kwa mtu wa imani.

Naye Ibrahimu? Kweli hakuulizia chai. Lakini tusisahau kwamba aliondoka na mkewe, na mpwa wake, na mali zote, na watu aliowapata Harani. Tena alipokuwa mzee sana, na Isaka amefikia umri wa kuoa, alimtuma mtumishi wake arudi katika nchi yake na kwa jamaa zake kumtafutia mwanawe mke. Miaka mingi ilikuwa imepita, na kwao bado palikuwa moyoni. Alipoulizwa kama Isaka apelekwe huko kuishi, alikataa. Alipakumbuka nyumbani bila kurudi nyuma. Tulimweleza Mzee jambo hili Jumapili iliyofuata. Akafikiri, akasema, "Hapo mmenishinda. Lakini msijisifu."

Hatukujisifu kwa muda mrefu, maana kuna habari nyingine iliyotugusa zaidi. Daudi alipokuwa katika ngome, na Wafilisti wameishika Bethlehemu, alitamani maji ya kisima kilicho karibu na lango la mji wake. Ni maji tu. Hapana shaka palikuwa na maji mengine ya kunywa, lakini yeye alitamani yale ya utotoni. Mashujaa wake watatu wakapenya katikati ya adui, wakayachota, wakamletea. Daudi alipoyapokea hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona kwamba ndani ya maji yale kulikuwa na damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Hapo ndipo tulipojiuliza swali ambalo hatukutaka kujiuliza. Katika kile kikombe cha chai kulikuwa na nini?

Maziwa yale yametoka kwa ng'ombe aliye zizini nyuma ya nyumba. Ng'ombe huyo hatoki kwenda malishoni, majani huletewa. Wakati wa kiangazi majani hayapatikani hapa juu, inabidi kuyafuata kule chini tambarare na kuyapandisha. Kuni za kuchemshia lazima mtu azitafute. Ndizi lazima mtu aikate, aimenye, aigeuze motoni isiungue. Kazi hiyo huanza saa kumi na moja alfajiri, sisi tukiwa bado tumelala. Anayeianza ni Mama, mwenye magoti yanayouma, pamoja na binti anayetusaidia kazi za nyumbani.

Na binti huyo tulikuwa tunamdai uvumilivu wa miezi minne. Tunaliandika jambo hili kwa haya. Tulipokuwa tunakusanya nauli na ada za vyeti, tulimwomba asubiri mshahara wake wa mwezi mmoja, akakubali. Ukafika wa pili, akakubali tena kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Ilipotimia miezi minne deni lilikuwa shilingi 240,000. Tulikuwa tukisema mioyoni mwetu kwamba tutamtumia tukishafika na kupata mshahara wa kwanza. Kumbe tulikuwa tunalia machozi juu ya chai, na aliyeichemsha amesimama palepale nyuma yetu akiwa hajalipwa. Yakobo ameandika kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Sisi hatukuzisikia, labda kwa sababu tulikuwa tunajisikiliza wenyewe tukilia.

Tofauti yetu na wale wa jangwani ikawa imekwisha. Na sisi tulikuwa tunakula bure.

Tuliuza makochi yetu mapema kuliko tulivyopanga, tukalipa deni lote. Kisha tukachukua jani la sale, kama tulivyofundishwa na wazee wetu kwamba mkosaji haendi mikono mitupu kuomba msamaha, tukaenda kwa wazazi wake. Baba yake alilipokea jani, akalitazama kwa muda, akasema, "Fedha ni yake, mmempa. Hili nalipokea mimi." Hatukuweza kumjibu zaidi ya kushukuru. Wiki hii tunamtafutia binti huyo nafasi ya kujifunza ushonaji, jambo alilokuwa amelitaja mara mbili na sisi hatukulisikia.

Mama naye tulikwenda kumshukuru. Tulidhani atafurahi tu. Tulimwambia tutaikosa sana chai yake. Alinyamaza, akasukuma kuni ndani ya moto, akasema, "Ninyi mtakula, wanangu. Huko chakula kipo. Mimi nitampikia nani?"

Tulikuwa tumehesabu starehe zetu zote, na hatukuwahi kufikiri kwamba kile kikombe kilikuwa starehe ya mtu mwingine pia. Sisi tulifurahi kunywa. Yeye alifurahi kutunywesha. Tunaondoka na furaha yake, na hilo deni halilipiki kwa kuuza makochi. Kumtumia fedha kila mwezi ni wajibu wetu, lakini fedha haikai kwenye kigoda ikaomba kikombe cha pili. Tulichoweza kufanya ni kumwomba mwenyekiti wa jumuiya kwamba ibada ya nyumba kwa nyumba ya Alhamisi ifanyike kwa Mama angalau mara moja kwa mwezi, na vijana wanaotoka kwaya wapite kwake bila kuogopa. Mama amekwisha kununua vikombe sita vipya. Hatudai kwamba hilo linatosha. Usiku bado tunalifikiria swali lake, na tutapanda nalo ndege.

Kuna watu wanaotuambia tusiangalie nyuma, tusije tukawa kama mke wa Lutu. Tunaliheshimu onyo hilo. Wengine wanatuambia tukifika huko tujikaze, tusizoee, tuhesabu siku za kurudi. Hapo tunamsikiliza Yeremia. Aliwaandikia waliochukuliwa mateka Babeli kwamba wajenge nyumba wakae, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, na wauombee heri mji waliopelekwa. Hao walichukuliwa kwa nguvu. Sisi tumeomba wenyewe kwenda. Kama wao waliamriwa kula matunda ya bustani ya ugenini, basi na sisi tutaupokea mkate wa Wajerumani kwa shukrani, hata Desemba, wakati jua la huko linapochomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa kumi jioni.

Tena hatutakuwa wa kwanza kupita katika njia hii. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika hapahapa Machame. Sisi huwakumbuka kwa shule na makanisa, lakini nao walikuwa na jikoni walizoziacha, na mama waliowaacha, na barua zilizochukua majuma mengi baharini. Bila shaka kulikuwa na asubuhi ambazo mmoja wao alitamani mkate wa kwao huku ameshika ndizi. Waliokaa vizuri na watu wetu ni wale waliokubali kukaribishwa, wakaketi, wakala walichopewa. Tunaomba tupate neema hiyo.

Basi jibu letu kwa Mzee, kadiri tulivyoweza kulifikia, ni hili. Si dhambi kulilia kikombe cha chai. Ni hatari kukililia kana kwamba kilijileta chenyewe. Starehe ndogo ya nyumbani ni zawadi ya Mungu, lakini Mungu huipitisha katika mikono ya mtu, na mtu huyo ana jina, ana magoti yanayouma, ana mshahara, ana maswali yake. Anayemshukuru Mungu kwa zawadi na kumruka aliyeibeba bado hajamaliza kushukuru.

Kinachotuhuzunisha ni kwamba ilitupasa kukata tiketi ndipo tuyaone haya. Wapendwa mnaobaki hamna haja ya kusubiri safari. Kesho asubuhi chai itakapowekwa mezani, muulizeni aliyeileta ameamka saa ngapi. Kama mna deni kwake, mlipeni kabla hamjanywa.

Sisi asubuhi zetu zimebaki 21. Leo tuliamka saa kumi na moja, tukabeba majani ya ng'ombe, mmoja wetu akawasha moto. Moshi ulimwingia machoni na chai ikawa na maji mengi kuliko maziwa. Mama na yule binti waliketi, tukawamiminia wao kwanza. Mama alionja, akasema sukari haitoshi.